Tunalinganisha bure na bure: miezi tisa ya Linux na LibreOffice kwenye saiba ya Kayole

Saiba ya Kona (mwanzisha uzi)

Nimeahidi huu uzi tangu Januari. Kila nikikaa kuuandika mtu anaingia na kitambulisho anataka nakala mbili, mbele na nyuma. Leo mvua imewafungia watu manyumbani, basi wacha nilipe deni.

Nina saiba Kayole, mashine sita. Tano ni HP ProDesk za mtumba, i5 za kizazi cha nne, nilizozinunua Kimathi Street zikiwa bado na stika za ofisi fulani ya Uingereza. Ya sita ni laptopu yangu. Microsoft ilipotangaza kwamba Windows 10 haitahudumiwa tena baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, zile tano zikawa yatima. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine zenyewe hazijachoka. Nimeziongezea SSD, zinawaka kabla mteja hajavuta kiti. Ati nizitupe?

Agosti mwaka jana nikaamua. Nne nikaziwekea Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, na ndani yake LibreOffice, mbadala wa Microsoft Office. Moja nikaiacha na Windows, nitaeleza kwa nini. Huu ndio ushuhuda wangu, si mahubiri.

Kabla hamjaniuliza nimeokoa pesa ngapi: hakuna. Ukisoma makala za ughaibuni kuhusu haya mambo, hesabu huanza na bei. Microsoft 365 ya mtu mmoja ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka kule Marekani, mapema 2025 ikapanda hadi 99.99 walipoichanganya na Copilot, akili bandia yao, LibreOffice hailipishwi, basi mshindi amepatikana. Hesabu hiyo haisimami Kayole. Office niliyokuwa nayo niliwekewa na fundi kwa bei ya sahani ya pilau, na Windows yenyewe ilikuwa ndani ya bei hiyo. Wangapi hapa wamewahi kuona risiti ya Office? Sisi tunalinganisha bure na bure. Swali ni bure ipi inayokula mfukoni polepole bila wewe kujua.

Bure ya wizi ilikuwa inakula hivi. Ile aktiveta, yaani programu ya kuamsha Windows na Office bila leseni, haiingii mpaka uzime kinga ya virusi. Ukishaizima, umeacha mlango wazi kwenye nyumba ambayo wageni 60 wanaingia kila siku, kila mmoja na flashi yake. Kila mwezi mashine mbili zinalala, nampigia fundi, fundi anakuja kesho, na kesho ya fundi mnaijua.

Buda wa Luthuli

Boss, unajitesa bure. Aktiveta unaweka dakika tano, maisha yanaendelea. Mteja akiingia anataka Word, hataki kufunzwa dini mpya.

Saiba ya Kona

Buda, subiri nikwambie habari ya flashi kwanza, halafu tutarudi kwa Word.

Mnaijua ile virusi ya shotikati? Mteja anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zimegeuka shotikati, au ipo moja tu yenye jina la flashi. Akibofya, mashine yako imepata na wewe umepata. Watu wengi huambiwa "faili zimepotea, fomati". Hazijapotea. Kinachofanyika ni kwamba faili halisi zinapewa alama ya kufichwa, aghalabu zikiwa ndani ya folda isiyo na jina linaloonekana, na mbele yake inawekwa shotikati inayoita virusi kwanza. Windows inaitii ile alama, inazificha. Linux haina habari na alama hiyo, inakuonyesha kila kitu kilichomo. Na shotikati yenyewe kwake ni faili tu lisilo na kazi, haliendi popote.

Wiki ya kwanza aliingia dada mmoja analia. Alikuwa na ripoti yake ya atachimenti, kurasa 40 na kitu, na saiba mbili zilikuwa zimeshamwambia imeenda. Nilichomeka flashi kwenye Mint, folda hiyo hapo, kimya kabisa. Sikufanya ufundi wowote. Nilinakili faili, nikafomati flashi, nikamrudishia. Tangu hapo nimekuwa "yule jamaa wa kurudisha faili", na kwa hiyo kazi nalipisha.

Sisemi Linux haina virusi, inazo. Lakini hizi zinazozunguka mtaani kwa flashi zimeandikwa kwa ajili ya Windows.

Jambo la pili ni kikao cha mgeni. Kwenye Mint huwa kimezimwa, unakiwasha mwenyewe kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mteja anaingia kama mgeni, anafanya yake, akitoka kila kitu kinafutika: faili alizopakua, nywila, historia, vyote. Zamani folda ya kupakua kwenye mashine zangu ilikuwa na vyeti vya PIN, picha za vitambulisho, barua za kazi na matokeo ya hospitali ya watu nisiowajua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya bomu la karatasi za watu. Najua Windows nayo inaweza kupangwa hivyo ukiwa na subira. Sikuwa nayo.

Mama Risiti

Asante kaka. Mimi ni mhasibu, kazi za mkataba, Industrial Area na Mombasa Road. Naomba niseme upande wangu kabla watu hawajaenda kufuta Excel usiku huu.

Kwa chama, bajeti ya nyumba, orodha ya michango na mishahara ya watu kumi, Calc ya LibreOffice inatosha na inabaki. VLOOKUP, jedwali egemeo, SUMIFS, yote yapo. Hata XLOOKUP, ambayo ilinizuia kwa muda mrefu, iliingia toleo la 24.8 mwaka 2024. Taarifa ya M-Pesa ukishaitoa kwenye PDF na kuiweka kwenye safu, kuipanga ni kazi ya kawaida.

Inapokwama ni hapa. Kwanza, Power Query haimo. Mimi kila mwezi napokea faili za matawi saba ambazo zinaunganishwa zenyewe. Bila hiyo ningekuwa nanakili na kubandika mpaka usiku. Pili, makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Makro za Excel zimeandikwa kwa VBA, LibreOffice inazielewa nusu nusu. P10, ile ritani ya kodi ya mishahara ya mwajiri, kwa mfano ni faili la Excel lenye makro: unajaza, unabonyeza Validate, linakutolea faili la zip la kupandisha. Kazi yenye tarehe ya mwisho siwezi kuifanyia majaribio tarehe 9 usiku.

Saiba ya Kona

Mama Risiti, umejibu lile swali la mashine ya Windows niliyoiacha. Ndiyo hiyo hiyo sababu. Mwenye ritani ya sifuri au ya mshahara pekee anajaza kwenye kivinjari, haijali uko kwenye nini. Mwajiri mwenye P10 namketisha kwenye mashine namba tano, na hiyo nimeinunulia leseni halali. Sijafa.

Na kuna sababu nyingine ya kijinga kuliko hiyo: Epson. Zile printa za tangi la wino zinahesabu wino unaomwagika kwenye sponji, hesabu ikijaa zinagoma kabisa. Programu ya kurudisha hesabu kwenye sifuri ni ya Windows. Kuchapisha kwenyewe Epson inakubali Linux bila neno. Kyocera yangu ilinisumbua jioni moja ya kutafuta draiva, ikatulia. Skana ndiyo iliyonipotezea wikendi nzima, na sitaki kuizungumzia.

Kijana wa Sauti

Mimi niko kwa timu ya midia kanisani, Umoja. Nacheka kwa sababu tumekuwa tukitumia programu huria miaka yote bila kujua tunafanya siasa. Kurusha ibada: OBS. Kusafisha mahubiri ya redio: Audacity. Kucheza video yoyote anayoleta mgeni kwa flashi: VLC. Nyimbo kwenye skrini tulikuwa na EasyWorship, leseni ikaisha, tukahamia OpenLP. Wazee hawakugundua. Mwimbishaji aligundua, alisema herufi zimekuwa kubwa, akafurahi.

Kwa hizi kazi wala hakuna mashindano. OBS hailingani na ya kulipia kwa sababu hata wenye pesa wanaitumia. Na wanaodhani vitu huria ni vya wanafunzi tu, ile filamu ya katuni kutoka Latvia iliyochukua Oscar 2025 ilitengenezwa kwa Blender.

Buda wa Luthuli

VLC ni ya watu wote hiyo, usiihesabu. Na WPS je? Mimi natumia WPS kwa simu na kwa laptopu, ni bure, inafungua Word sawa sawa. Si hiyo pia ni ya hawa watu wako wa huria?

Msomi wa Ubungo

Wakuu, naomba niingilie kutoka Dar. Buda, hapo umechanganya, na si kosa lako.

Bure na huria ni vitu viwili, na sisi Waswahili tumebahatika kuwa na maneno mawili. Waingereza wana moja linalobeba maana zote mbili, ndiyo maana Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amemaliza miaka akieleza kwamba anazungumzia uhuru na si bei. Kwetu ungesema tu "huria" ukamaliza, kama tunavyosema soko huria. Soko huria halimaanishi nyanya za bure.

WPS ni bure, ya kampuni ya Kingsoft ya China, ina matangazo, na huwezi kuona ilivyoandikwa ndani. Canva ni bure kwa kiasi fulani, Google Docs ni bure, Chrome ni bure. Hizo zote zina mwenyewe, na mwenyewe akibadili masharti kesho, utabadilika naye. VLC, Firefox, GIMP na LibreOffice ni huria: msimbo uko wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuuchukua na kuuendeleza.

Tena historia ya LibreOffice yenyewe ni somo. Ilianza kama StarOffice ya kampuni moja ya Ujerumani, Sun Microsystems wakainunua 1999, wakaifungua ikawa OpenOffice. Oracle walipoinunua Sun 2010, watengenezaji wengi hawakuridhika, wakachukua msimbo wakaondoka nao, wakaunda The Document Foundation mwaka huo huo. Jaribuni kufanya hivyo na Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga vijitabu. Na nyinyi wa Nairobi msijisifu sana, hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Neno "programu huria" lilipata kutembea kupitia kazi za namna hiyo.

Saiba ya Kona

Mkuu wa Ubungo, salamu ziwafikie. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice naitumia kila siku. Haijui "matanga" lakini tunaelewana.

Na umetaja Publisher. Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu ndipo palipoumiza.

Asiyejua saiba za mtaani anadhani tunakula kwa intaneti. Intaneti kila mtu anayo mfukoni. Sisi tunakula kwa karatasi: nakala, CV, barua za kuomba kazi, kadi za harambee, na zaidi ya yote vile vijitabu vya mazishi. Mnavijua. Karatasi ya A4 imekunjwa katikati, mbele picha ya marehemu ndani ya fremu ya mviringo, "Machweo" na "Macheo" na tarehe zake, ndani ratiba, wasifu, watoto na wajukuu, shukrani, nyimbo. Familia inakuja Jumanne usiku, mazishi ni Ijumaa Murang'a au Siaya, wanataka nakala 200 za rangi, na jina la mjomba limebadilika mara tatu tangu saa kumi.

Kazi hiyo Nairobi nzima inafanywa kwa Microsoft Publisher. Usiniulize kwa nini. Aliyenifunza alifunzwa nayo, na aliyemfunza vivyo hivyo. Sasa Microsoft wametangaza kwamba baada ya Oktoba 2026 Publisher haihudumiwi tena, na walio kwenye Microsoft 365 hawataweza kufungua faili zake humo. Wanashauri watu wahamie Word na PowerPoint. Nina faili 611 za .pub, tangu 2011 nilipoanza. Nusu ya waliokufa Kayole wako kwenye hiyo folda.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja mama mmoja. Mumewe alifariki 2017, familia inaweka msalaba wa saruji kaburini, anataka kijitabu kile kile na maneno machache yaongezwe. Nikamwambia hiyo rahisi, ninayo. Ninayo kweli, ila mashine niliyokaa ilikuwa ya Mint.

LibreOffice Draw, sehemu yake ya michoro, inafungua .pub, tangu toleo la 4.0 la 2013. Haiwezi kuhifadhi kwa muundo huo, inausoma tu. Nikafungua. Picha ilikuwepo. Wasifu ulikuwepo, aya zote. Lakini visanduku vya maneno vilikuwa vimesogea, na jina la marehemu, ambalo nilikuwa nimelipinda kwa yale madoido ya WordArt, lilikuwa limekuwa mstari mtupu. Fonti ilikuwa Monotype Corsiva, ambayo huja na Office, basi badala yake iliwekwa fonti ya barua za benki. Mama alitazama skrini akasema, "Huyu si Baba Wanjiku." Nikaelewa alichomaanisha.

Nilihamia namba tano, nikafungua na Publisher, nikamaliza kazi. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza: mwaka mmoja baadaye ningemfungulia na nini?

Mchoraji wa River Road

Pole kaka, hiyo naijua. Mimi ni wa stika, mabango na kadi za harusi.

Ushauri wa bure kutoka kwa mtu aliyechomeka: usifanye vijitabu kwenye Draw. Ama Writer, ile Word ya LibreOffice, ambayo ina chaguo la Brochure kwenye dirisha la kuchapisha na inakupangia kurasa za kukunja yenyewe, ama Scribus. Scribus inachosha kujifunza, nitakuwa mkweli, lakini ni ya kazi hiyo hasa na inatoa PDF ya CMYK, yaani rangi za wino, kama wachapishaji wanavyotaka.

Na hapo ndipo napogombana na watu wa huria. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, ndiyo kwanza ikaleta madoido unayoweza kuyarudia kuyabadilisha bila kuharibu picha. Photoshop ilikuwa nayo miaka mingi sana. Inkscape ni nzuri kwa nembo, naipenda, lakini rangi zake ni za skrini. Ukipeleka PDF yake kwa mashine kubwa, ile nyekundu ya harusi inaweza kutoka kama damu ya mzee. Na tatizo kubwa si programu. Mteja ananiletea .cdr, faili la CorelDRAW, kutoka kwa mchoraji mwingine, namrudishia .cdr, yeye anapeleka kwa mwenye mashine ambaye anafungua .cdr. Mtaa mzima unaongea CorelDRAW. Nikianza kuongea lugha yangu peke yangu nitakufa njaa nikiwa na haki.

Kazi yangu mwenyewe, ninayoanza na kumaliza mimi, naifanya Inkscape. Inayopita mikononi mwa watu, Corel.

Saiba ya Kona

Fundi, hiyo sentensi ya mwisho nimeizunguka miezi tisa nikitafuta namna ya kuisema. Mimi naona hivyo hivyo kwenye Word. CV ambayo mteja anachapa hapa na kuituma kwa PDF: Writer, na mwajiri hatajua. Barua inayochapishwa na kugongwa muhuri: Writer. Lakini ile rasimu ya mkataba inayoenda kwa wakili, inarudi na marekebisho ya rangi, inaenda tena, inarudi: hapo usicheze. Kila ikivuka kutoka programu moja kwenda nyingine, jedwali linapungua unyoya mmoja.

Kuhusu fonti, ambayo ndiyo nusu ya malalamiko ya "LibreOffice imeharibu faili langu". Calibri ina pacha huria anaitwa Carlito, upana wa kila herufi ni ule ule, kwa hivyo mistari haihami. Times New Roman na Arial wana wao, fonti za Liberation, zilizotolewa na Red Hat 2007. Hakikisheni mnazo kabla hamjalaumu. Ila tangu 2023 Word mpya inaanza na Aptos, mashine zangu hazina hiyo, na CV ya ukurasa mmoja inamwagika mistari miwili ukurasa wa pili. Namwambia mteja aniletee PDF, au naibadilisha iwe Carlito mbele ya macho yake.

Mwalimu wa Eastlands

Nauliza kama mzazi na mwalimu. Mtoto wa kidato cha tatu anayesoma Kompyuta, akizoea hii yenu, kwenye mtihani wa vitendo si atapotea? Shuleni wanatumia Word, Excel, Access.

Mama Risiti

Mwalimu, mtoto wako azoee ya shuleni kwanza. Akishajua kwa nini fomula inafanya kazi, kuhama ni suala la kutafuta kitufe. Lakini usimfundishe kutafuta kitufe wiki ya mtihani.

Buda wa Luthuli

Na Munich? Waliweka Linux kwa kompyuta za serikali ya mji, wakarudi Windows. Wajerumani wameshindwa, Kayole itaweza?

Msomi wa Ubungo

Munich walihamisha kompyuta karibu 15,000 kati ya 2004 na 2013, kweli, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi. Sasa malizia hadithi: jimbo jingine la Ujerumani hiyo hiyo, Schleswig-Holstein, liliamua 2024 kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Na askari wa gendarmerie wa Ufaransa wako kwenye Ubuntu yao kwa miaka mingi, makumi ya maelfu ya kompyuta. Ubuntu yenyewe, kwa taarifa yako, ni neno la ndugu zetu wa kusini, maana yake utu.

Buda wa Luthuli

Sawa mwalimu wa historia. Lakini mimi niko na laptopu moja, sina jimbo.

Saiba ya Kona

Mwenye laptopu moja asifute kitu. Weka LibreOffice juu ya Windows uliyonayo, zinakaa pamoja bila ugomvi. Tumia mwezi mmoja. Ukiona hujafungua Word hata mara moja, ndipo uanze kufikiria Mint, tena ijaribu kwa flashi kwanza bila kugusa diski. Kama uko Windows 10 na unasitasita, Microsoft walitoa nyongeza ya masasisho ya usalama ya mwaka mmoja kwa watu binafsi, hadi Oktoba 2026, kwa hivyo kama umejiandikisha una muda wa kupumua. Aktiveta toa. Hilo tu ndilo nakusihi.

Na anayeogopa bando: Mint haijiwashi usiku kupakua gigabaiti mbili bila kukuuliza. Inakuonyesha orodha, unachagua. Mimi nasasisha Jumapili asubuhi mashine zote nne, wakati watu wako kwa Kijana wa Sauti.

Kijana wa Sauti

Na wewe unafaa kuwa huku.

Msomi wa Ubungo

Mkuu, kuhusu zile faili 611. Usizifungue moja moja. Weka zote kwenye folda, fungua dirisha la amri hapo, andika:

soffice --headless --convert-to pdf *.pub

Itazigeuza zote PDF yenyewe, zile inazoweza kuzisoma. Lakini itazigeuza kama Draw inavyoziona, na visanduku vilivyosogea. Kwa vile bado una Publisher kwenye namba tano, zile za muhimu zitoe PDF kutoka humo humo kabla ya Oktoba. Maneno ya wasifu hifadhi kando kama maandishi matupu, ndiyo yatakayokuokoa familia ikirudi.

Saiba ya Kona

Nimeijaribu jana usiku baada ya kufunga. Ilichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. 611 ziliingia, 588 zikatoka. Nimezipitia za 2011 hadi 2013: nyingi zinasomeka, picha zipo, majina yaliyopindwa yamenyooka. Fonti ya majina naweka Great Vibes sasa, ni huria na inakaribia ile Corsiva kwa mtu asiye na miwani.

Zile 23 zilizokataa naenda nazo namba tano, moja moja. Nimefika 2014. Kuna moja haifunguki hata kwa Publisher yenyewe, inasema faili limeharibika. Jina la faili ni "shosh final final 3". Sikumbuki ni shosho wa nani. Kama kuna mtu wa Kayole hapa alizika nyanya yake 2014 na bado ana kijitabu mahali, kabatini au ndani ya Biblia, aje nacho nikiskani. Skana inafanya kazi siku hizi.

Mchoraji wa River Road

Nitumie hilo faili. Nina Publisher 2003 kwa mashine ya zamani, huwa inafungua vitu vya ajabu.

Saiba ya Kona

Nakutumia sasa hivi. Mteja ameingia, nakuja.